Mkaa wa Magunzi

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Agosti 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo umeitikia kwa sauti na kuku wamekimbia.

Mimi sijambo. Mama mdogo Violeth hajambo na anakusalimu. Kazi yake ya chakula inaendelea. Alfajiri tunasonga ugali kwa ajili ya wapagazi wa sokoni, mchana wali, na mimi ndiye mwosha vyombo. Kuhudumia wateja bado naona aibu. Jana mpagazi mmoja aliniambia, "Dada, huu ugali wako unaongea kuliko wewe." Wenzake wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, nikiwa nimeinamia karai.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu masikio yako na simu havipatani. Simu ya Mjomba Anselmi nayo hushinda ikichajiwa dukani kwa Kasmir, na kila anayesubiri zamu yake husoma ujumbe usio wake.

Bibi, juzi Mjomba alimpigia Mama mdogo. Nilikuwa namenya vitunguu nikasikia. Alisema shamba la Babu limekufa, na mvua zikianza atapanda milingoti, ile mikaratusi, shamba zima ili akate nguzo. Mama mdogo akasema, "Sawa kaka, wewe ndiye uliyepo huko," akaendelea kukoroga maharage. Mimi nililia, nikasingizia vitunguu.

Mlingoti ukishashika ardhi, mahindi hayarudi. Wewe ndiye uliyeniambia.

Unakumbuka pale juu ya korongo, Babu Eliasi alipochomea mkaa kabla sijazaliwa? Udongo wa pale ni mweusi mpaka leo, na mahindi yake ni marefu hata mwaka wa njaa. Nikiwa darasa la pili nilijificha humo mkanitafuta mpaka mkaanza kugombana. Mwalimu Ritha wa klabu yetu ya kilimo alitueleza sababu. Mkaa una vitundu vidogo visivyohesabika. Vitundu hivyo hushika maji na chakula cha mmea. Halafu vijidudu vyema vya udongo, visivyoonekana kwa macho, huingia kukaa humo kama wapangaji wa Kariakoo, kila chumba na familia yake. Hao ndio wanaolisha mizizi.

Shuleni tulichoma magunzi ya mahindi. Hakuna mti uliokatwa. Na nyuma ya ghala lako kuna lundo la magunzi la miaka mitatu, nililiacha hapo mimi mwenyewe. Naomba umwombe Mjomba msimu mmoja. Mmoja tu.

Ni mimi mjukuu wako, ambaye bado nasikia harufu ya ghala lile hata hapa penye harufu zote,
Jovitha


Lipembe,
Mbinga.
9 Septemba 2024

Mke mwenzangu Jovitha,

Marahaba. Milele amina. Kuku hawakukimbia, wamenizoea.

Barua yako ilikaa kwa Kasmir siku kumi na moja. Aliiwekea jiwe la mizani juu isipeperuke, kisha akaisahau chini ya jiwe. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweupe mmoja wa madoa. Goti langu la kushoto linatabiri mvua mapema kuliko redio. Kahawa mwaka huu si haba.

Usimchukie mjomba wako. Kipande cha chini kimetoa gunia moja na madebe mawili. Wakati wa mume wetu, kipande hicho hicho kilitoa magunia matano, nami nililalamika kuwa ni machache. Tangu mzee alipofariki hakuna anayepanga majani. Anselmi huyachoma, anasema ngolo, mashimo yetu haya ya miraba, ni kazi ya watu wawili na yeye yuko peke yake. Kweli yuko peke yake. Mke wake alikwenda kwao, hilo unalijua.

Nilimsomea barua yako akiwa anakula, kwa sababu akiwa na tonge mdomoni hawezi kunikatiza. Alipomeza akasema, "Mama, mkaa ni wa kupikia."

Nikamwambia, "Ulipokuwa mdogo nilikulambisha mkaa ukiumwa tumbo. Nao ulikuwa wa kupikia?"

"Tumbo si shamba."

"Shamba nalo linaumwa."

Akanawa mikono. Akasema: "Msimu mmoja. Kipande cha chini tu. Kikipita magunia matatu, miche yangu nitaitafutia pengine. Kisipopita, mama, usinililie." Miche ameshaotesha. Iko kwenye viriba nyuma ya banda la ng'ombe, mia tatu, na anaimwagilia kila jioni kama anayelea watoto. Kwa hiyo hatanii.

Niandikie hatua zote, moja baada ya nyingine, kama unamwandikia mtu asiyejua kitu. Sitaongeza la kwangu. Nilifundisha kisomo cha watu wazima miaka kumi na miwili, najua kufuata maandishi.

Mundu wa mume wetu bado unaning'inia ukutani. Utarudi lini? Uliondoka hata shambani hukupita kuaga.

Mwenzio wa nyumba moja,
Severa


Kariakoo,
29 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mbuzi wa madoa mwite Jumapili, kwa sababu nadhani alizaliwa Jumapili. Mama mdogo aliumwa mafua siku nne, sasa amepona. Siku hizo nne nililazimika kuuza mimi. Nilipakua bila kusema neno, na wateja wakadhani mimi ni bubu. Mmoja akaniongezea shukrani kwa ishara za mikono.

Nashukuru sana kwa msimu mmoja. Nimesoma barua yako juu ya paa la nyumba hii, ambako tunaanika nguo katikati ya matenki ya maji. Kutoka huku, mwamvuli na mwamvuli, kibanda na kibanda, soko limejipanga kwa miraba kama ngolo za Babu. Nilimkumbuka anavyofyeka majani ya mwezi wa tatu na kuyalaza kwa miraba bila kamba wala kipimo, anapima kwa mpini wa mundu tu, na wewe unakuja nyuma yake na jembe unafunika kwa udongo mpaka mashimo yanajitokeza. Mlikuwa hamuongei. Nilidhani mmegombana, kumbe ndivyo mlivyofanya kazi.

Sasa hatua zenyewe. Chimba shimo lenye umbo la bakuli, kina chake mpaka kiunoni. Washa moto mdogo chini, tupia magunzi makavu. Yakianza kupata weupe wa majivu juu, tupia mengine juu yake, ili yale ya chini yakose hewa yasiishe kuwa majivu. Endelea hivyo mpaka shimo lijae, kisha uzime kwa maji mengi. Usiuache ujizimie wenyewe. Mkaa ukipoa, uuponde uwe kama punje za mchele.

Halafu uuloweke kwa wiki tatu.

Baada ya hapo uuchanganye na udongo wa msituni, ule mweusi wenye nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, kikapu kimoja kwa magunia mawili ya mkaa. Hizo nyuzi ndizo zinazobeba vijidudu vyetu. Funika kwa majani ya migomba wiki moja. Siku ya kupanda, weka konzi mbili kila shimo la mbegu, fukia kidogo, ndipo uweke mbegu. Mwalimu Ritha alisema mkaa si uchawi, ni nyumba tu, na nyumba haipikii wapangaji.

Kuhusu kurudi, sijui bado. Kazi ni nyingi.

Mjukuu wako anayekuonea wivu kwa kuwa karibu na ngolo,
Jovitha


Lipembe,
17 Novemba 2024

Mke mwenzangu,

Milele amina. Jumapili amekubali jina lake. Mchungaji wa ng'ombe wa jirani amevunjika mkono, tumempelekea maziwa. Mvua ya kwanza imepiga jana, goti lilisema kweli.

Nimefanya kila ulichoandika. Shimo alichimba Anselmi, akinung'unika. Magunzi yalivuma kwenye moto ule kwa sauti ya kitoto, nikakumbuka tanuru la mume wetu kule korongoni. Alikuwa akilala pale pembeni juma zima akilinda moshi, nami nikimpelekea uji. Ndiko alikoniambia kuwa tungepata binti, na tukampata mama yako. Marehemu alizaliwa ananuka moshi, tulikuwa tukisema hivyo.

Mkaa ulitoka magunia manne. Nikauponda. Kisha nikauloweka wiki tatu kamili katika mapipa mawili, kwa maji safi ya mtoni, nikiyabadilisha kila siku ya tatu yasinuke. Umekuwa msafi kuliko sufuria za Violeth. Watu wakapita wakaona. Hyasinta wa kule juu akasema, "Mama Violeth, ukimaliza kuuosha huo mkaa utaupiga na pasi?" Nikamjibu kuwa pasi yenyewe hula mkaa, sasa nani atampiga nani. Akaenda zake.

Udongo nilichota chini ya mkuyu wa kisimani. Nyuzi nyeupe zipo, nimeziona kwa miwani. Hapo wala sikuona ugeni. Mama yangu alipoolewa alibeba kikapu cha udongo wa kwao, akautawanya katika shamba la mumewe, na mimi nilifanya hivyo hivyo nilipokuja Lipembe. Tuliambiwa shamba geni lisalimiwe na shamba la zamani. Hatukuambiwa habari za wapangaji.

Tunapanda wiki ya kwanza ya Desemba. Anselmi amehesabu mashimo. Anahesabu kila kitu siku hizi.

Utarudi lini?

Severa wako


Kariakoo,
15 Desemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nakutakia Noeli njema wewe na Mjomba. Mama mdogo amekutumia kanga na miwani mpya kwa mtu anayekuja huko, na mimi nimekuwekea majani ya chai. Hapa Kariakoo watu wamejaa mpaka mtu hubebwa na umati akapita duka alilokuwa akilitaka. Najma, anayeuza ndoo hapo chini yetu, ananifundisha kuita wateja. Anasema, "Jovi, fungua mdomo, hawakuumi." Nimeweza kuita mara moja. Aliyegeuka ni paka.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili nimezichana.

Je, kwenye banda la ng'ombe la Mjomba sakafu bado ni ya mawe, ile yenye mfereji? Mfereji ule humwaga wapi? Nauliza tu.

Bibi, umefanya vizuri sana kila kitu. Ni mimi ambaye kwenye ile hatua ya kuloweka sikueleza vya kutosha. Kuna jambo dogo la kuongeza. Nitaliandika vizuri barua ijayo, kwa sababu karatasi hii inakwisha.

Mahindi yakichipua naomba uniambie yana urefu gani.

Mjukuu wako,
Jovitha


Lipembe,
12 Januari 2025

Mke mwenzangu,

Milele amina. Miwani ni mizuri, sasa naona hata nisivyotaka kuona. Kanga nimeivaa kanisani, Hyasinta akayasoma maandishi yake yote kabla ya kunisalimu. Jumapili ameruka uzio akala maua ya parokia. Padre amecheka, katekista hakucheka.

Mfereji wa banda la Anselmi humwaga barabarani, watu hupita wakiziba pua. Kwa nini wauliza?

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Nyuma ilikuwa nyeupe tupu.

Mahindi hayajambo.

Jitunze, na umsaidie mama yako mdogo.

Severa

*(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu:)*
Mpwa wangu, barua hii naipeleka posta mimi. Mahindi yamekuwa manjano kipande chote. Ya jirani ni kijani. Mama anakwenda kusimama shambani kila asubuhi. Ile miche yangu imefika magotini. Kama una neno, sema mapema. – Anselmi


Kariakoo,
24 Januari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Safari hii sitaanza na habari za huku.

Niliposoma nyuma ya bahasha nilichukua simu ya Mama mdogo nikampigia Mjomba. Akasema, "Eenh, Jovitha, sema." Nikamwuliza kama mvua inanyesha. Akasema inanyesha. Nikasema, "Haya, Mjomba." Akakata. Najma alikuwa amesimama hapo, akaniuliza, "Umepoteza vocha ya watu kwa ajili ya mvua?" Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo zake, kisha akasema, "Andika. Karatasi haikutazami usoni."

Bibi, mkaa haulowekwi kwa maji. Unalowekwa kwa mkojo. Mkojo wa ng'ombe, au wa watu, pamoja na samadi.

Mkaa mtupu una njaa. Ukiuweka shambani haujashibishwa, hunyonya chakula cha udongo na kukificha kwenye vile vitundu, na mahindi yanabaki bila kitu. Ndiyo manjano uliyoiona. Wewe uliusafisha, tena ukabadilisha maji, ukawa na njaa zaidi. Hukukosea wewe. Nilijua tangu Novemba niliposoma barua yako na sikusema.

Sababu yake ni hii. Kidato cha tatu nilikuwa katibu wa klabu, nikatakiwa kusoma taarifa mstarini mbele ya shule nzima. Nilipofika kwenye neno hilo sauti yangu ilikwaruza, nikalirudia. Shule nzima ikacheka. Mpaka namaliza kidato cha nne wavulana waliniita kwa neno hilo. Nilipokuandikia hatua zile, mkono ulifika hapo ukaruka. Na wewe ni bibi yangu. Niliona siwezi kukuandikia kitu kama hicho kwenye karatasi, kikapita kwa Kasmir.

Sasa fanya hivi, bado kuna muda kabla hayajatoa mbelewele. Ziba mfereji wa banda, ukinge kwa ndoo. Kopo moja la mkojo, makopo manne ya maji. Mwaga wakati udongo umelowa, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, usiguse majani. Rudia baada ya wiki mbili. Na samadi iliyooza, weka konzi kila shina.

Barua hii siipeleki Posta. Nimekuja mwenyewe stendi ya Mbezi nikamtafuta kondakta wa basi la Mbinga. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Akasema, "Binti, una mzigo au una shida?" Nikamwambia, "Barua hii ikichelewa shamba la bibi yangu linakuwa msitu." Nilisema kwa sauti, watu wakageuka. Akasema ataiweka mfuko wa shati, naimalizia hapa hapa akinisubiri.

Usiniandikie kuwa hayajambo. Niandikie rangi.

Jovitha


Lipembe,
9 Februari 2025

Jovitha, mke mwenzangu, mtoto wangu,

Barua ilifika siku ya pili. Kondakta aliileta mwenyewe mpaka kwa Kasmir na akasubiri mpaka nilipoitwa, akasema ameambiwa ni ya shamba.

Nimeisoma nimekaa kwenye kinu. Nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Anselmi akaja mbio akidhani nimepatwa na kitu.

Mtoto wewe, nani alikufulia nepi? Mgongo wangu huu umelowa kwa mkojo wako tangu una mwezi mmoja mpaka una miaka miwili, kutoka hapa mpaka kliniki na kurudi, na sijawahi kuona mahali pake pananuka vibaya. Sasa unaogopa kuniandikia neno lake. Mke mwenza haogopi kumwandikia mwenzake.

Lakini sina haki ya kukucheka. Ngoja nikuambie nisilomwambia mtu.

Mume wetu alikuwa na kopo. Kopo la samli, la bati, lilikaa chini ya kitanda upande wake. Kila asubuhi kabla watu hawajaamka alikuwa akilibeba mpaka nyuma ya nyumba na kulimwaga kwenye lundo la vumbi la mkaa alilolirudisha kutoka tanurini. Vumbi hilo ndilo alilolitia kwenye maboga. Unayakumbuka maboga yale? Uliketi juu ya moja ukapigwa picha. Watu walikuja kuomba mbegu, nami niliwapa mbegu na nikafunga mdomo. Mimi ni mwalimu wa kisomo, mke wa kiongozi wa parokia, niseme nini? Nilimwambia, "Eliasi, siku watu wakijua nitarudi kwetu." Akasema, "Basi hawatajua." Na hakusema, mpaka tunamzika. Hakumwambia hata Anselmi. Shamba limekufa mikononi mwa mtoto wangu kwa sababu ya haya yangu mimi. Wewe uliruka neno moja. Mimi nililiruka miaka thelathini.

Mwezi wa kumi na moja nilipokuwa nabadilisha maji yale, mkono wangu ulikuwa unajua. Nikakumbuka kopo. Nikasema, "La, mtoto hakuandika."

Haya, rangi. Leo asubuhi: majani ya chini bado manjano, ya juu yameanza ukijani wa embe bichi. Nimemwaga mara moja. Mistari minne ya juu, karibu na njia, naona haitapona. Anselmi amekinga mfereji kwa ndoo, amefunga leso puani kama mwizi. Nilipomweleza habari za kopo la baba yake aliitua ndoo chini. Kisha akauliza, "Lile la samli?" Nikasema ndilo. Akasema, "Nililitupa mimi. Siku ya matanga. Nilidhani ni takataka."

Severa


Kariakoo,
20 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Kristo amefufuka. Pasaka yetu ilikuwa pilau na mteja aliyevunja sahani tatu. Mama mdogo sasa ananiachia meza ya mbele. Yule mpagazi alisema, "Ah, kumbe Dada anaongea." Nikamwambia, "Ulikuwa unaukatiza ugali." Wenzake walimcheka yeye.

Nimekaa na habari ya kopo wiki nyingi. Nakumbuka sauti ya bati asubuhi. Nilidhani Babu analisha kuku.

Umeniuliza mara nyingi nitarudi lini, nami sikujibu. Matokeo yangu yalikuwa divisheni ya nne. Ulikuwa umewaambia watu kuwa nitakuwa bwana shamba. Niliona nikipita shambani kuaga, shamba litaniuliza. Basi nikapanda gari.

Mahindi mabichi yameanza kuingia sokoni kutoka mikoani. Nikiyamenya nafungua kidogo kuona kama yamejaza mpaka ncha. Nasubiri yako.

Jovitha wako


Lipembe,
13 Julai 2025

Mke mwenzangu,

Milele amina. Goti halijambo, ni kiangazi. Jumapili sasa ana pembe na kiburi. Hyasinta alikuja kuomba mkaa wangu "uliooshwa". Nikampa konzi mbili na nikamweleza kila hatua kwa majina yake halisi, mbele ya mumewe. Alitazama chini. Mimi sikutazama chini.

Shamba halikuuliza habari za divisheni. Mimi pia siulizi. Mwalimu Ritha alipita hapa likizo, akasimama kwenye kipande cha chini, akachimba kwa kidole, akanusa. Akasema chuo cha kilimo kina kozi ya cheti na alama zako za biolojia na kemia zinaruhusu kuomba. Fomu ameiacha. Imo humu, nimeikunja mara mbili.

Tumevuna. Ile mistari minne ilitoa vigunzi vya kuchezea watoto. Mingine ilijaza mpaka ncha. Anselmi alipukuchua, akajaza magunia, akayasimamisha ukutani. Matatu, na debe moja juu. Akayahesabu. Akatoka nje, akarudi, akayahesabu tena kama yangeweza kupungua. Kisha akaketi juu ya lile debe, akasema, "Baba angelalamika kuwa ni machache."

Nikasema, "Angelalamika. Kisha angekula."

Lundo la magunzi ni kubwa tena. Nimeliacha pale pale ulipokuwa ukiliacha. Mwezi wa tatu majani hufyekwa, na ngolo, kama alivyosema mjomba wako, ni kazi ya watu wawili. Miye jembe bado naliweza kidogo. Mundu umenolewa.

Severa

*(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu:)*
Miche nimempa Kasmir, akapande mlimani kwenye mawe. Mundu nimenoa mimi, mama asijisifu. Nimenunua kopo. Lina mfuniko. Usimwambie. – Anselmi